Kisima Chini ya Zege

Kijiwe chetu ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu. Upande wa kivuli hukaa muuza kahawa na birika lake juu ya jiko la mkaa. Yeye humimina, husikiliza, hupokea vikombe, basi. Ng'ambo ya barabara limesimama tangi la mradi wa maji, la buluu, limenyanyuliwa juu ya miguu ya chuma, na mbele yake kuna bango lenye bendera za nchi zilizotoa fedha, nyingi hivi kwamba watoto wa shule hujifunzia rangi pale. Mabomba yake yalitoa maji siku ya uzinduzi. Maji yenyewe yaliletwa na lori alfajiri, yakapandishwa tangini kwa mpira kabla wageni hawajafika. Tangu siku hiyo mabomba yale hayajatoa hata jasho.

Wenye ubao ndio hawa. Kamati, karani mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye kofia ya mradi haimtoki kichwani hata ndani ya nyumba. Redio, kinyozi, habari humfikia kabla jambo lenyewe halijatokea. Mkandarasi, aliyebeba mchanga kwa toroli tangi lilipokuwa linajengwa, na tangu hapo anaongea kama mwenye kampuni. Mimi wananiita Fundi tu. Halafu yuko Baba Pacha, fundi wa kuchomelea vyuma. Asubuhi ile ninayoisimulia mahali pake palikuwa wazi bado. Tulikuwa tumemzika mkewe wiki iliyotangulia.

— Mmesikia? Redio alianza kabla hajakaa. Wanakuja Alhamisi.

— Nani?

— Wafadhili. Wenyewe kwa miguu yao. Wanakuja kukagua.

— Kukagua nini? Mkandarasi aliuliza. Kutu?

Kamati aliiweka sawa kofia yake.

— Habari hiyo ninayo tangu juzi, ila nilikuwa sijaruhusiwa kuisema. Wakiridhika, wanaidhinisha awamu ya pili.

— Na awamu ya kwanza iko wapi?

— Si hiyo unayoiona?

— Mimi naona tangi. Maji siyaoni.

— Haba na haba hujaza kibaba, Mkandarasi.

— Kibaba tumepewa, mzee, tena chenye bendera. Haba ndiyo hatujaiona.

Muuza kahawa alizungusha vikombe. Kila mtu alipuliza chake, na nilijua wote tunawaza jambo moja na hakuna anayetaka kuligusa.

Mabomba yalipokauka, mtaa mzima ulihamia mtoni. Mto wetu ni mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka. Unachimba shimo, unasubiri maji yajikusanye chini, unachota kwa kata. Kadiri kiangazi kinavyosonga, shimo nalo linazidi kwenda chini, mpaka anayechota haonekani tena, inaonekana ndoo tu ikipanda. Mama Pacha alikuwa ndani ya shimo, jirani yake yuko juu anavuta kamba, ukingo ukaporomoka. Yule jirani alikuja mbio mpaka hapa kijiweni, miguu mitupu, hasemi neno, anaonyesha kwa mkono tu. Tulikimbia sote. Tulichimba kwa mabeseni, kwa sufuria, kwa vidole. Redio aling'oka kucha. Baba Pacha tulimkuta ameshatangulia, sijui alipataje habari, anachimba na kumwita mkewe kwa jina lake la usichana, jina ambalo hakuna aliyekuwa akilijua. Tulipomfikia mkewe, mchanga ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

Kwa hiyo wiki ile hatukumtaja Mama Pacha. Tulitaja vitu vingine vyote.

— Mimi nawaambieni, alisema Redio, pesa ile haikuliwa. Ingeliwa, tungewaona walioshiba. Nani kashiba hapa?

— Basi imekwenda wapi?

— Haikuja! Iliyotangazwa ni jina la pesa. Wanakutajia jina, unapiga makofi, pesa yenyewe inabaki kwao, inalipia hoteli za wataalamu wanaokuja kukuuliza kama una kiu.

— Uzushi huo, alisema Kamati.

— Lisemwalo lipo. Wewe hawakukuuliza?

— Waliniuliza, ndiyo. Ni utaratibu. Inaitwa tathmini.

— Ukawajibu nini?

— Niliwajibu kwamba kiu ipo.

— Wakasemaje?

— Walishukuru.

Mkandarasi alitema pembeni.

— Nyinyi mnasimulia ya kusikia. Mimi nilikuwepo. Bomba kubwa tulililaza mpaka ukuta wa shule. Pale tukaambiwa acheni, watakuja wengine kuendeleza. Hao wengine mmewaona? Bomba halijaungwa na kitu. Mdomo wake umefungwa kwa nailoni na kufukiwa.

— Ni suala la mkandarasi mdogo kutofautiana na mkandarasi mkubwa, alisema Kamati. Linashughulikiwa. Mwenda pole hajikwai.

— Huyu haendi, mzee. Amelala.

Maneno ya Mkandarasi yalikuwa na akili, na kijiweni neno lenye akili halikai. Lilipita kama mpita njia. Mwenyewe ndiye aliyelisukuma.

— Sasa jiulizeni, aliendelea akiinama mbele, kwa nini tuliambiwa tuache pale pale? Waliona kitu chini. Niliwaona wanachukua udongo kwenye vichupa. Udongo! Mtu anayeleta maji anataka udongo wa nini?

— Madini, nilisema, ili mradi niseme kitu.

— Si madini, alidakia Redio. Ni maji yenyewe. Nimenyoa dereva mmoja, anawaendesha wakubwa. Maji ya chini yetu yameshauzwa. Yananyonywa kwa chini kwa chini, kama unavyonyonya soda kwa mrija, kutoka upande wa pili wa dunia.

— Mrija wa urefu gani huo?

— Wewe unauliza urefu, wenzako wanafika mwezini! Mto umekauka hivi hivi? Mnasingizia jua. Jua lilikuwepo tangu enzi za babu zetu, na mto ulikuwa unapita.

— Basi mimi niwape kubwa kuliko hiyo, alisema Mkandarasi, akashusha sauti. Lile si tangi.

Tuliligeukia tangi sote, hata muuza kahawa.

— Nilipanda mpaka juu kuziba tundu. Ndani mna waya. Tangi la maji, waya wa nini?

— Wa kupima kina, alisema Kamati.

— Kina cha nini? Cha hewa? Lile linasikiliza, bwana. Kila mtaa uliopewa tangi kama lile, siri zake zote zimekwisha.

— Sisi tuna siri gani hapa?

— Ndiyo wanayoitafuta!

Tulicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, na kilikatika katikati, kwa sababu Baba Pacha alikuwa anavuka barabara kuja kwetu.

Alikuwa amevaa nguo zake za kazi, zile zenye matundu ya cheche, lakini mikono ilikuwa mitupu. Alikonda. Wiki moja ilikuwa imemtoa mwili kama mtu aliyeugua mwaka.

— Hamjambo.

— Hatujambo, baba. Karibu. Karibu ukae.

Tulisogea zaidi ya ilivyohitajika. Muuza kahawa alimpa kikombe na kukataa malipo kwa kutikisa kichwa. Baba Pacha alikishika kwa mikono miwili, hakunywa.

— Watoto hawajambo? nilimuuliza.

— Wako na mama yao mkubwa. Amekuja juzi, safari ilikuwa ndefu, hakuwahi mazishi. Mmoja anakula. Mwingine anasema atakula mama akirudi.

Redio aliinamisha uso na kuanza kutazama vidole vyake vilivyofungwa vitambaa. Ungefikiri hapo tungeacha mambo ya tangi. Lakini Kamati alikuwa na lake moyoni, na naamini alikuwa amelibeba tangu juzi kweli.

— Baba Pacha, pole tena. Mungu akutie nguvu. Nilitaka tuseme jambo, hapa hapa, maana hawa ni wenzetu. Alhamisi tuna ugeni.

— Nimesikia.

— Wakiuliza habari za... za ile ajali, nimeonelea tuseme ni mambo ya mchanga. Watu huchimba mchanga wa kujengea, ukingo huporomoka, yanatokea kila mahali. Habari ya maji tusiiingize.

— Tusiingize maji, alirudia Baba Pacha, taratibu, kama mtu anayejifunza neno geni.

— Nielewe, ndugu yangu. Ukisema mtu amefariki akitafuta maji mahali penye mradi wa maji, wataandika kwamba mradi umeshindwa. Watafunga mkono, wataupeleka mradi kwa wengine. Na hapo ni watoto wetu wote watakaoumia, wakiwemo wako. Sisi ni watu wa kuomba, tuwe wanyenyekevu. Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mkaa ulilia ndani ya jiko. Kamati mwenyewe alisikia alichokisema baada ya kukisema. Nilimwona midomo ikibaki wazi, kama anayetaka kulivuta neno lirudi.

— Mke wangu aliinama, alisema Baba Pacha.

Hakupandisha sauti. Kikombe hakikutikisika. Ingekuwa heri angepiga kelele, tungepata la kufanya, tungemshika, tungesema basi baba, basi. Alisema tu, na baadaye akaendelea kulitazama tangi.

Ndipo tukamwona mwanamke anakuja, ndoo kwenye mkono, khanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya kazi. Uso ulinishtua. Alikuwa Mama Pacha mwenyewe, aliyeongezewa miaka na kupunguziwa kicheko. Nikatambua kuwa ndiye dada mkubwa wa marehemu.

— Hamjambo, baba zangu. Shemeji, nimekutafuta. Maji waliyochanga majirani wakati wa msiba yamekwisha. Watoto hawajanawa hata uso. Nielekeze nikachote.

Baba Pacha alibaki anaitazama ile ndoo.

— Mnachota wapi? Mwanamke alitugeukia sisi.

— Mtoni, dada, alisema Redio.

— Mto upi?

— Ule... wa bondeni. Tuna mmoja tu.

— Ule aliofia mdogo wangu?

Mwanamke aliitua ndoo chini. Alilitazama tangi, akasoma bango lote kwa makini, bendera moja baada ya nyingine, kisha akatazama mabomba yaliyoshika utando wa buibui.

— Hili halitoi?

— Halijaanza, alisema Kamati.

— Kabla halijajengwa hili, mlikuwa mnakunywa nini?

— Tulikuwa na kisima, alisema Mkandarasi. Pale, kwenye miguu ya tangi. Unaona lile zege la duara, wanapocheza watoto? Kiko chini yake.

— Kilikauka?

— Kisima kile? Hakijawahi. Hata ukame ule mkubwa uliomaliza mifugo, watu walitoka mitaa ya mbali kuja kuchota hapa.

— Basi kimefunikwa kwa nini?

Hilo lilikuwa la Kamati, naye alilijibu vizuri, kwa lugha ya vikao. Kwamba lilikuwa sharti la ufadhili: visima vyote vya wazi vifungwe, ili wananchi wahamie kwenye maji salama. Kwamba wataalamu walichukua maji ya kisima wakakuta vijidudu. Kwamba wakati ule mabomba yalitarajiwa kufunguliwa wiki hiyo hiyo, kwa hiyo hapakuwa na pengo lolote kwenye mpango.

— Vijidudu si vinakufa maji yakichemshwa?

— Vinakufa, ndiyo.

— Na zege lenyewe ni nene?

— Kiganja, alisema Mkandarasi. Saruji kidogo, mchanga mwingi. Nimelimwaga mimi.

Mwanamke alitutazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira, nataka hili lieleweke. Alikuwa mgeni, hajui mambo ya hapa, alitaka kujua.

— Sasa kwa nini hamjalivunja?

Niliwaona wenzangu wakijaribu. Redio alivuta pumzi ya mtu mwenye habari, ikaishia kifuani. Mkandarasi alikuna goti. Kamati aligusa kofia, mkono ukabaki pale pale kichwani. Mimi nilitafuta ndani yangu sababu moja tu, hata ya uongo, nikakuta ya kwamba hakuna aliyetukataza kwa mdomo wake. Hapakuwa na mlinzi. Hapakuwa na uzio. Tulikuwa tumekaa ng'ambo ya barabara, kila siku, tukibishana maji yamekwenda wapi.

Muuza kahawa aliinua birika, akalitikisa. Yalikuwa yamebaki masimbi ya kahawa tu.

Baba Pacha alisimama. Alikiweka kikombe chake kwenye ubao, kimejaa vile vile, akaenda karakanani kwake. Aliporudi alikuwa na nyundo kubwa begani. Kamati alivuka barabara mbio mbio, kofia ikamdondoka, akasimama juu ya lile zege na mikono ameitandaza.

— Baba Pacha, nakuomba. Alhamisi si mbali. Wakute tu kama walivyoacha, wakishaondoka tutavunja wote, nitashika nyundo mimi mwenyewe. Wakikuta tumevunja, watatufuta!

— Toka, mzee.

— Watatufuta kabisa.

— Wafute. Toka nisikuumize.

Walitazamana. Kamati ni mtu mzima, ana wajukuu, na nadhani alikuwa anaamini kila alichokisema; awamu ya pili ilikuwa ndiyo kitu kikubwa pekee maishani mwake kilichokuwa bado kinakuja. Alishuka kwenye zege, akaenda kuokota kofia yake barabarani, na nikamsikia akisema kwa sauti ndogo, kama anamwambia mtu asiyekuwepo:

— Mimi sikuwepo. Mimi sijaona.

Baba Pacha alipiga. Pigo la kwanza lilirudi mikononi mwake, la pili likaacha alama nyeupe, na baada ya hapo sikuhesabu. Alipiga kama mtu asiyetarajia kumaliza. Alipochoka, Mkandarasi aliichukua nyundo bila kuombwa, kisha mimi, kisha Redio na vidole vyake vile, damu ikipita kwenye vitambaa. Watu walianza kutoka majumbani kwa ajili ya kelele. Zege lilipasuka ghafla, kipande kikazama, na sote tukanyamaza kusikiliza.

Tulisikia kikipiga maji.

Mwanamke mmoja katika umati alilia kwa sauti. Mkandarasi alileta kamba. Ndoo ya kwanza ilipanda na vumbi la saruji, tukaimwaga. Ya pili ikapanda safi, baridi, inaonyesha kitako. Dada wa marehemu alichukua kidogo kwenye kiganja, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

— Yachemsheni, alisema. Yatafaa.

Kufikia hapo foleni ilikuwa imeshafika kwenye kibanda changu. Mke wa Kamati alikuja na ndoo mbili, akashika nafasi yake, na hakuna aliyemwambia neno. Alhamisi wageni walikuja kweli. Walipiga picha ile foleni chini ya tangi lenye bendera zao, wakatushika mikono, wakaondoka wakiwa na furaha. Kamati aliwatafsiria yeye, sijui aliwaambia nini. Awamu ya pili mpaka leo tunaisikia kwa Redio.

Lakini siku ile ya nyundo, watu waliposukumana kwenye kamba, nilimtafuta Baba Pacha nikamkuta pembeni. Amekaa juu ya kipande cha zege, suruali imelowa, ndoo ya watoto wake iko mbele yake imejaa. Hakuwa amekunywa. Alikuwa ametumbukiza mkono ndani ya maji mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo.

— Fundi, alisema bila kunitazama. Yalikuwa hapa.

— Ndiyo, baba.

— Siku zote zile. Alikuwa anapita hapa na ndoo yake, asubuhi, anakwenda kule. Anapita juu yake.

Nilichuchumaa karibu naye. Shemeji yake alikuja, akakunja khanga kuwa ngata, akaiweka kichwani.

— Shemeji, alisema, watoto wana njaa. Nitwishe.

Baba Pacha aliutoa mkono majini. Alisimama, akaishika ndoo huku na huku, akamtwisha.